Ndege ya Kwanza ya Rimoti Arusha na Moshi: Injini ya Glo, ya Petroli au Betri?

Wengi wanaotaka kuanza kurusha ndege ndogo za rimoti huanza kwa kuangalia picha, wakachagua ile yenye rangi za kupendeza au inayofanana na ndege za kivita, na baadaye sana ndipo huuliza inatumia mafuta gani. Kwa mtu wa Arusha au Moshi utaratibu huo unafaa kugeuzwa. Ndege za mafunzo zinafanana sana kwa umbo na kwa tabia. Kinachozitofautisha hapa kwetu ni mambo mawili ambayo maandishi ya kwenye boksi hayayagusi, yaani mafuta yake utayapata wapi mwaka mzima, na injini yake itabakiwa na nguvu kiasi gani katika hewa ya huku juu. Nimelinganisha aina zilizopo kwa mambo hayo mawili, nikimfikiria mtu ambaye hana mwalimu jirani, hana gari, na ananunua kwa fedha aliyoidunduliza.

Hewa yenyewe

Uwanja wa ndege wa Arusha, ule wa Kisongo, uko takriban mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Moshi iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900 na kitu kutegemea mtaa. Katika kimo cha Arusha hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 ikilinganishwa na ya Tanga au Dar es Salaam, na Moshi kwa karibu asilimia 8; jua la mchana likiwaka, wepesi huo huongezeka. Injini yoyote inayovuta hewa hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Bawa nalo hulazimika kwenda kasi zaidi ili libebe uzito uleule, na kwa Arusha ongezeko hilo ni kama asilimia 7 wakati wa kutua. Kwenye karatasi asilimia 7 ni kidogo, ila kwa mkono ambao haujazoea, ndizo zile mita za mwisho ambazo ndege inazipita ikiwa bado inaelea, halafu inaishia kwenye mbigili.

Kwa hiyo kabla hata ya kutaja aina ya mafuta, kuna masharti mawili ambayo anayeanza huku asiyavunje. La kwanza, achague ndege yenye bawa kubwa na uzito mdogo. La pili, mtengenezaji akiandika kwamba ndege inafaa injini ya 40 hadi 46, achukue ya 46. Namba hizo ni sehemu za mia za inchi ya ujazo: injini ya 40 ni kama cc 6.5, na ya 46 ni kama cc 7.5. Ile cc moja ya ziada ndiyo inayorudisha kile ambacho kimo kimekichukua.

Jambo hili nililijua kwa aibu. Injini yangu ya 40 niliiweka sawa Moshi mchana wa Jumamosi, ikaunguruma bila kasoro, nikaifunga kwenye gunia, na asubuhi yake nikapanda nayo basi hadi Arusha kuwaonyesha jamaa. Ilikohoa. Ilitoa moshi mweupe mzito na kuzima kila nilipoongeza eksileta. Nilibadilisha plagi, nikakagua tangi na mipira, nikalaumu hata mafuta, kumbe kosa lilikuwa langu: sindano ya kabureta ilikuwa bado imefunguliwa kwa ajili ya hewa nzito ya Moshi, na Arusha mafuta yaleyale yalikuwa mengi kupita hewa iliyokuwa ikiingia. Nilifunga sindano karibu robo mzunguko, nikaifinya kidogo mipira ya mafuta kwa kidole gumba na cha shahada huku injini ikiwa kwenye mwendo wa juu, nikasikiliza. Mlio ukipanda kidogo halafu ukarudi mahali pake unapoachia, mchanganyiko umekaa sawa. Ukipanda sana, mafuta bado ni mengi. Injini ikizima papo hapo, umefunga kupita kiasi. Hakuna kipimo cha kununua kinachofundisha sikio haraka kama mfinyo huo.

Injini ya glo

Hii ndiyo injini ambayo ndege nyingi za mafunzo zilibuniwa kwa ajili yake. Haina mfumo wa cheche. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platinamu, ambao huwashwa kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kustati. Betri ikishaondolewa, waya hubaki mwekundu kwa joto la mwako wenyewe na kwa namna methanoli inavyofanya kazi ikigusana na platinamu. Injini ni nyepesi, ni rahisi kuielewa, na ina nguvu nyingi kwa ukubwa wake. Injini kama O.S. 46AX ya Japani imewafundisha watu wengi duniani, na ina beringi za gololi, wakati injini za bei nafuu hutumia bushi tu. Kwa anayeanza bushi si dhambi, ila kwa Arusha ningelipia beringi, maana nguvu ya ziada inahitajika.

Tatizo ni chupa ya mafuta. Mafuta ya glo ni methanoli, oili kiasi cha asilimia 18 hadi 20, na nitromethani kuanzia sifuri hadi kama asilimia 15 kwa ndege za kawaida. Huwezi kuyabeba ndani ya ndege ya abiria, na kuyaagiza kwa meli kwa ajili ya mtu mmoja ni gharama isiyo na maana. Njia inayobaki ni kupata methanoli nchini na kuchanganya mwenyewe. Kwa bahati nzuri nitromethani si ya lazima: mchanganyiko wa asilimia 80 ya methanoli na 20 ya mafuta ya nyonyo umetumika katika mashindano ya kimataifa kwa miaka mingi, na injini nyingi za kawaida huukubali, ingawa mwendo wa taratibu hautulii sana. Lakini nyonyo za dukani zinazouzwa kwa ajili ya nywele usiziamini, kwani nyingine zimetiwa manukato au vitu vingine. Na spiriti ya kusafishia vidonda si methanoli, hata kama mwenye duka ataapa.

Methanoli iko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, hivyo inunuliwe kwa muuzaji aliyesajiliwa na kwa utaratibu unaotakiwa. Ni sumu: ikinyweka hupofusha na kuua, na hupenya hata kwenye ngozi. Moto wake hauonekani mchana. Katika nchi ambayo watoto huokota chupa za maji na kuzitumia tena, kuiweka methanoli kwenye chupa ya maji ni uzembe usiosameheka. Tena hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo galoni iliyoachwa wazi wakati wa masika hukupa injini inayobabaika bila wewe kujua sababu.

Matumizi yake ni makubwa. Injini ya 40 ikiwa kwenye mwendo wa juu hunywa karibu mililita 30 kwa dakika, lakini kwa kuwa angani hutumii mwendo wa juu muda wote, tangi la mililita 240 linakupa safari ya dakika 10 hivi, na galoni moja ya lita 3.8 inakupa safari kama 15. Anayerusha kila mwisho wa wiki, mara tatu au nne kwa siku, ataimaliza ndani ya mwezi mmoja na ushee. Ukifika nyumbani lazima uiache injini ingurume mpaka imalize mafuta yote yaliyobaki, utie matone ya oili ndani na uzungushe panga (propela) kwa mkono, la sivyo beringi zitapata kutu na oili ya nyonyo itaganda mpaka pistoni igome.

Injini ndogo ya petroli

Petroli iko kila sheli, na oili ya tuu-stroki ipo kwenye maduka ya spea. Kwa sababu hiyo pekee watu wengi wa huku huhitimisha kwamba petroli ndiyo jibu. Nakubaliana nao nusu.

Kwanza hesabu ya mafuta inaipendelea sana. Methanoli huhitaji hewa kidogo kwa kila gramu, karibu sehemu 6.5 za hewa kwa moja ya mafuta, wakati petroli huhitaji karibu 14.7, ndiyo maana injini ya methanoli hunywa zaidi ya mara mbili. Mchanganyiko wa 30 kwa 1 unahitaji mililita 33 tu za oili kwa lita ya petroli, ingawa kijitabu cha injini yako ndicho cha kufuata. Ndege haichafuki sana, na sindano ikishakaa sawa haikusumbui kila asubuhi.

Upande wa pili ni uzito na ukubwa. Injini maarufu kama DLE 20 ya China, yenye cc 20, ni nzito mno kwa ndege ya mafunzo ya ukubwa wa 40, yaani iliyobuniwa kwa injini ya 40. Inataka ndege yenye bawa la karibu mita 1.8 hadi 2 na mwili wa kuhimili mtikisiko wake. Zipo ndogo zaidi, kama NGH GT9 ya cc 9, ambazo zinaingia kwenye ndege za ukubwa wa 46 hadi 60. Lakini petroli hutoa nguvu kidogo kuliko methanoli kwa cc zilezile, halafu Arusha inachukua asilimia zake 13 juu yake, na bado kuna boksi la cheche na betri yake ya kubeba. Ndege iliyokuwa nyepesi kwenye tangazo hufika uwanjani ikiwa imenenepa.

Kuna mambo mengine mawili ambayo muuzaji hatakwambia. Mipira ya silikoni inayotumika kwenye mafuta ya glo huvimba na kulainika ikiguswa na petroli, kwa hiyo mipira na kizibo cha tangi viwe vya aina inayostahimili petroli. Na mfumo wa cheche hutoa kelele za umeme, hivyo kipokezi cha rimoti kinapaswa kukaa mbali nao, sentimita 30 hivi, jambo ambalo ndani ya ndege ndogo ni kama kutafuta nafasi ya mtu wa tano kwenye bajaji. Rimoti za kisasa za gigahezi 2.4 zimepunguza tatizo hilo bila kulimaliza.

Zipo pia injini za dizeli za ndege ndogo, zinazotumia mafuta ya taa, etha na mafuta ya nyonyo. Huhitaji plagi wala betri, na mlio wake ni mtamu. Etha ndiyo inayozikwamisha, kwa hiyo tuziache hapo.

Betri, kama kipimo cha kulinganishia

Najua aliyekuja kutafuta injini hapendi kuambiwa habari za betri, lakini ulinganisho wa haki hauwezi kuiruka. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo kimo hakiipunguzii nguvu. Panga ndilo linaloshika hewa kidogo, na unaweza kuweka panga pana zaidi kufidia. Ndege kama E-flite Apprentice, yenye bawa la mita 1.5 na betri ya seli tatu za lipo (lithiamu polima), imetengenezwa kwa povu gumu kama lile linalofungia televisheni kwenye boksi, na ina kifaa kinachoirudisha ndege kwenye usawa ukiachia vijiti. Kwa mtu asiye na mwalimu kifaa hicho kina thamani kuliko injini yoyote niliyoitaja.

Betri hizo zinataka adabu yake. Seli moja ikijaa hufika volti 4.2, isishushwe chini ya takriban 3.5 ikiwa kazini, na ikikaa bila kutumika iachwe kwenye 3.8. Iliyovimba isirushwe tena. Ukimwagiza ndugu anayetoka Ulaya au Dubai, betri za akiba azibebe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia chini. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia Jumapili, chaja inayokubali volti 12 itachaji kutoka kwenye betri ya gari.

Inachokosa ni lile jambo lililokuleta: harufu, mlio, na mikono yenye oili. Silidharau hilo. Mtu aliyekulia gereji hataridhika na mlio wa feni.

Ukubwa na umbo

Bawa liwe juu ya kiwiliwili, tambarare kwa chini na lililoinuka kidogo kwenye ncha zake, kwa kuwa ndege ya namna hiyo hujirudisha yenyewe ukikosea. Ndege ya bawa la chini iache kwa mwaka wa pili. Anayeanza huvutiwa na ndege ndogo za injini ya 15 au 25 kwa kuwa ni za bei nafuu na zinaingia kwenye daladala. Huko angani zinageuka haraka kuliko akili, hazionekani vizuri zikifika mita 150, na upepo wa mchana unazichezea. Ndege ya ukubwa wa 40, kama SIG Kadet LT-40 yenye bawa la inchi 70, yaani karibu mita 1.78, hutembea polepole na kukupa muda wa kufikiri. Uzito wake ni karibu kilo 2.5 hadi 2.7, kidogo kwa bawa kubwa kama hilo, na kwa hewa ya Arusha hiyo ndiyo sifa ya kuitafuta hata ukinunua ya kampuni nyingine. Tatizo lake ni usafiri: bawa la urefu huo utalibeba mapajani kwenye basi, na konda atakuwa na la kusema.

Magurudumu yawe makubwa, sentimita 7 au zaidi. Gurudumu la mbele hurahisisha kuongoza ndege chini, lakini kwenye ardhi yetu yenye mashimo ya kwato za ng'ombe waya wake hupinda mapema. Nimeunyoosha wangu kwa koleo mara nyingi mpaka ukachoka. Nyasi zikiwa ndefu, ndege yenye kigurudumu mkiani hupita vizuri zaidi, ingawa kuirusha humsumbua mgeni kwa sababu huvuta upande wa kushoto. Kwa ardhi iliyokwanguliwa chagua ya gurudumu la mbele. Kwa malisho chagua ya mkiani.

Mahali na majira

Vyombo vya anga visivyo na rubani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kwa hiyo ulizia masharti na kibali kabla ya kununua chochote. Tambarare za Kisongo zinatamanisha, lakini ndege za watalii hutua hapohapo. Monduli kuna chuo cha kijeshi. Karibu na KIA, karibu na uwanja wa Moshi, au ndani ya hifadhi za taifa, usithubutu. Tafuta uwanda wenye mwenyewe, ongea na mwenye ardhi na wachungaji, na urushe kati ya saa moja na saa nne asubuhi kabla ya upepo. Ng'ombe huzoea mlio, punda hawauzoei.

Hapo ndipo vumbi linapoingia kwenye hesabu. Kuanzia Agosti hadi Oktoba udongo wa upande wa magharibi wa Arusha huwa kama unga, na injini ikistatiwa chini kwenye udongo huo huuvuta moja kwa moja ndani ya kabureta, ukaikwangua silinda ndani ya siku chache. Kipande cha turubai cha mita 2 kwa 2 cha kustatia juu yake ni ulinzi wa bei ndogo kuliko yote. Betri haijali vumbi kiasi hicho. Ikiwa utarusha zaidi kiangazi, hilo lihesabu upande wake.

Nani achukue ipi

Aliye Moshi au Arusha na ana njia ya uhakika ya methanoli, iwe kupitia kiwanda, maabara au kikundi cha watu watatu wanaogawana pipa, achukue ndege ya ukubwa wa 40 yenye bawa la juu na injini ya glo ya 46. Kwa pesa ile ile hatapata injini itakayomvumilia zaidi.

Asiye na njia hiyo, na ambaye tayari anajua kurusha kidogo, achukue petroli, lakini kwa ndege kubwa ya ukubwa wa 60, si kwa kuilazimisha injini ya cheche kwenye ndege ya 40. Fundi pikipiki ataifurahia kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu nusu ya kazi ameshaijua.

Asiye na njia hiyo wala hajawahi kushika vijiti, aanze na ndege ya betri ya mita 1.5 kwa miezi 6, na kabla ya hapo afanye mazoezi kwa programu ya kuigiza urushaji kama PicaSim, ambayo haina malipo. Rimoti anunue ya chaneli 6, yaani yenye amri sita tofauti, inayoweza kuhamishiwa kwenye ndege ya injini baadaye. Hapo fedha yake haipotei. Aulize pia kama rimoti ni ya modi 1 au modi 2, yaani eksileta iko kwenye kijiti cha mkono upi, na achague ile wanayotumia watu atakaorusha nao, kwa sababu mkono ukishazoea kubadili ni kazi.

Kwa yeyote anayechukua injini, oda ya kwanza iwe na mapanga 5 ya akiba, plagi 3 na kijiti cha kustatia. Panga la inchi 11 kwa 5 (kipenyo, kisha umbali linaosonga mbele kwa mzunguko mmoja) hufaa injini ya 46 huku kwetu kuliko la 10 kwa 6. Na watoto wakijaa, kama watakavyojaa dakika ya kwanza injini ikilia, wasimame nyuma ya mabawa, kamwe si mbele wala ubavuni mwa panga, na mtu mzima mmoja abaki nao mpaka ndege iwe hewani.